Baba Alipolipeleka Shimo Barazani

Kitu cha kwanza ninachokikumbuka katika maisha yangu ni nzige. Siyo mama, siyo baba, ni nzige. Nilikuwa mgongoni kwa bibi yangu mzaa baba, nimefungwa kwa kitambaa, na jua likafifia mchana kweupe. Walikuja na sauti kama mvua inayotembea juu ya majani makavu, na watu wote wakatoka mbio kwenda kwenye mtama, kila mmoja na chochote cha kupigwa, huyu ngoma, yule sufuria, mwingine majembe mawili anayagonganisha. Bibi alikuwa na debe. Alilipiga debe lile hata likabonyea pande zote, huku anawatukana nzige matusi ambayo siwezi kuyaweka hapa. Nzige hawakusikia. Walikula mtama, wakala mabua, wakala na nyasi za paa la kibanda cha ndama, halafu wakaondoka zao, na sisi tukawala wale waliochelewa. Nzige wa kukaanga ana harufu ya karanga iliyoungua kidogo. Ninyi wa rika langu mnaijua, hakuna haja ya kuwaeleza. Vijana ukiwaeleza wanakunja pua, kama vile wao hawali vitu vya ajabu vinavyouzwa kwenye mifuko ya plastiki.

Sasa lile debe. Baada ya nzige halikufaa kwa maji, maana lilikuwa linavuja kwenye pembe. Baba akalinyoosha kwa jiwe, akalipeleka kwa fundi akalitia risasi, na likawa debe la samli. Alikuwa anazunguka kaya kwa kaya anakusanya samli za akina mama, anazimimina humo, analifunga kwenye keria ya baiskeli kwa vipande vya mpira wa tyubu, anakwenda kuuza Shinyanga kwenye duka la Mhindi. Najua nimeanza na nzige nikazunguka, lakini bila nzige nisingefika kwenye debe, na bila debe nisingefika kwenye baiskeli, na baiskeli ndiyo iliyotuletea mambo yote.

Baiskeli ya baba ilikuwa peke yake kijijini kwetu. Kijiji kilikuwa upande wa kwenda Songwa, kwenye ule udongo mweusi unaoshika mguu wakati wa masika na kupasuka nyufa wakati wa kiangazi. Baba aliinunua kwa pamba ya mwaka mmoja mzuri, na toka siku hiyo hakutembea tena. Nasema kweli, sikuwahi kumwona anatembea mwendo wa maana. Kwenda kisimani ni baiskeli, kwenda msibani ni baiskeli. Rafiki yake Masanja alikuwa anamwita Bwana Kengele, anawaambia watu eti huyu hata akienda porini kujisaidia anapiga kengele ili panzi wampishe. Baba alikuwa anacheka mpaka anashika mbavu. Walikuwa wamekua pamoja, wamechunga pamoja, wamecheza ngoma kundi moja. Mimi nilikuwa namwita Masanja baba mdogo, na nilikuwa nadhani ni ndugu wa damu.

Lazima niwaeleze Masanja alikuwa nani, maana bila hivyo hamtaelewa. Alikuwa nsumba ntale, yaani mkubwa wa vijana wote wa kijiji. Juu yake alikuwepo mwanangwa, aliyekuwa mkuu wa kijiji, na juu ya mwanangwa alikuwepo mtemi na baraza lake. Lakini kazi za mikono zote zilikuwa kwa Masanja. Nyumba ya mjane ikianguka, anapiga filimbi, vijana wanakuja. Shamba la mgonjwa likiota majani, anapiga filimbi. Na barabara pia. Baraza la mtemi lilikuwa limeigawa barabara vipande, kila kijiji na kipande chake, na kipande chetu kilianzia kwenye mawe makubwa kikaishia ng'ambo ya korongo. Mashimo yalizibwa kwa udongo wa kichuguu na mawe. Vijana wanamwaga udongo, wanaumwagia maji, halafu wanapanga mstari na kuushindilia kwa miguu, wanaimba, wanaruka, vumbi na jasho, mpaka pale mahali panakuwa pagumu kama sakafu. Harufu ya kichuguu kilichoingia maji, mimi mpaka leo sijaisahau.

Ndiyo ilinifika juzi juzi. Greda la halmashauri lilipita mbele ya nyumba ya mwanangu hapa mjini, likasambaza udongo wa moramu, likaja gari la maji likanyunyiza. Nikashindwa kumaliza uji. Mjukuu wangu akaniambia kwa fahari kwamba ni yeye, alikuwa anapita na baiskeli akalipiga shimo picha akaituma halmashauri kwa simu. Nikamwuliza, je, uliwaambia kwanza wenye nyumba za pale karibu? Akanitazama kama mtu anayetazama bibi aliyechanganyikiwa. Sikumlaumu. Atajuaje?

Maana kwetu shimo lilikuwa na mwenyewe. Mwenye baiskeli akikuta shimo, alitakiwa ashuke, akate tawi lenye majani alisimike pale kuwaonya wengine, halafu apitie kaya iliyo karibu, akae, anywe hata maji, aulize habari za ng'ombe, na mwisho mwisho kama anakumbuka tu aseme kuna mahali pale pamekaa vibaya. Wenyewe watasema ndiyo, tumepaona. Basi. Watapaziba kwa wakati wao, na wala hakuna aliyeagizwa na mtu. Mwenye baiskeli akiwapita watu wa kaya hizo na kwenda kulisema shimo lao mbele ya baraza la mtemi, hapo tena si habari ya shimo. Amewavua nguo.

Baba alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Mashimo mengi aliyasema kwa njia hiyo, na yakazibwa. Lakini lile la korongoni lilishindikana. Lilikuwa pale barabara inapoteremka, mahali ambapo malori ya pamba yalikuwa yanakanyaga breki, na lilikuwa limechimbika refu kama hori la ng'ombe. Baba akasimika tawi. Mbuzi wakala tawi. Akasimika lingine la miba, mtu akalichukua kwa kuni. Akapita kwa Masanja, akanywa maji, akauliza habari za ng'ombe, akasema pale korongoni pamekaa vibaya. Masanja akasema ndiyo, tumepaona. Mvua za kwanza zikanyesha, watu wakaingia mashambani, na shimo likawa linakua. Akapita tena, na tena. Mwisho Masanja akamwambia kwa utani, Bwana Kengele, wewe ndiye peke yako unayeanguka pale, si uangukie upande mwingine?

Safari hiyo baba hakucheka. Mimi nilidhani ni kwa sababu utani ulikuwa mbaya. Sikujua kuwa alikuwa anahesabu miezi ya mama.

Mama alikuwa mjamzito. Baina yangu mimi na mimba ile alikuwa amezika wawili, wote walikaa vibaya tumboni, wote hawakulia. Mkunga wa kijiji, bibi mmoja aliyeitwa Ngolo, ndiye aliyenipokea mimi, na wale wawili aliwapokea wafu. Alikuwa amesema wazi kwamba huyu wa sasa ingekuwa vizuri mama apelekwe kwa masista wa misheni mapema, kabla ya siku zake, na kama haikuwezekana basi yeye na wanawake wenzake wawe karibu toka uchungu unapoanza, wasichelewe hata kidogo. Njia ya misheni ilikuwa ile ile ya korongoni, na chombo kilikuwa ni kile kile cha baba. Alikuwa ameshashona gunia na kulijaza pamba liwe mto wa keria.

Siku moja akaniweka mimi juu ya mto ule, na debe la samli mbele yake kwenye chuma cha kati cha baiskeli, akasema tukajaribu. Nilifurahi kupita kiasi. Kufika korongoni alikaba breki, alijitahidi kukwepa, lakini ukingo wa shimo ulibomoka, gurudumu likazama, na sisi tukaruka. Mimi niliangukia kifua, pumzi ikakatika. Debe likapasuka kwenye ile ile risasi yake. Nilipopata pumzi niliona samli inatiririka kwenye tope, ya manjano, na mbwa wawili sijui walitoka wapi wanairamba. Baba hakuwafukuza. Alikuwa amekaa chini ananitazama tumbo. Akaniuliza, "Unaumia hapa?" akanigusa. Nikasema hapana. Akanigusa tena pale pale. Mimi nikaanza kulia kwa ajili ya samli, nikidhani na yeye anasikitikia samli.

Kesho yake alikwenda barazani, moja kwa moja, hakupita kwa Masanja wala kwa mwanangwa. Waliokuwepo walisimulia baadaye. Alisimama mbele ya mtemi akasema kila mwaka anatozwa leseni ya baiskeli, kibati anacho, lakini barabara hana. Mtemi akamwuliza kama amewaambia wenyewe. Baba akasema amewaambia mpaka mbuzi wao wameshiba matawi. Baraza zima likacheka. Wenye baiskeli wengine waliokuwepo, karani mmoja wa pamba na katekista wa kule mbele, wakasimama nao wakasema ni kweli, shimo hilo litaua mtu. Mtemi akaamuru.

Sisi tulifurahi siku mbili tatu. Wenye baiskeli kutoka vijiji vingine walikuwa wakipita mbele ya kaya yetu wanapiga kengele kumsalimia baba, na mimi nikawa natembea na kidevu juu. Halafu akaja tarishi wa mtemi na kofia yake nyekundu. Agizo halikuwa kuziba shimo moja. Lilikuwa kutengeneza kipande chote, toka kwenye mawe mpaka ng'ambo ya korongo, na mitaro pande zote mbili, kijiji kizima, mara moja, na tarishi atasimama pale mpaka kiishe. Na ilikuwa palizi. Wakulima wenzangu mnajua maana yake. Mvua inanyesha, majani yanaota huku unayaona, na watu wenye majembe wote wako barabarani wanachimba vichuguu. Hawakuimba. Nilikwenda kuangalia, nikategemea ngoma na filimbi, nikakuta wanakanyaga udongo kimya, miguu tu, puh, puh, puh. Masanja alikuwa katikati yao, hakuniita, na nilipomsalimia shikamoo baba mdogo aliendelea kukanyaga.

Walipomaliza, shimo lilikuwa limekwisha, na pamba ya kijiji ilikuwa imemezwa na majani. Wanaume wakakaa kikao bila kumwita baba. Jioni ile Masanja alikuja mpaka kwenye uzio wetu wa minyaa, hakuingia. Aliongea na baba kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayeagiza kitu.

"Hatukutengi kwa sababu ya shimo," alisema. "Shimo lilikuwepo. Tunakutenga kwa kutupita."

Baba akamwambia, "Nilikuja kwako mara ngapi?"

"Ungekuja tena."

"Na mimba ingengoja?"

 Nafikiri lile Masanja hakuwa amelifikiria. Lakini kikao kilikuwa kimeshakaa, na nsumba ntale ni mdomo wa kikao, hana mdomo wake. Akasema baba anaujua utaratibu wa kurudi kundini, dume la ng'ombe na kuomba radhi mbele ya watu, akageuka akaenda.

Kutengwa hakuna kelele. Asubuhi mama alinituma na kigae kwenda kwa jirani kuomba moto, kama siku zote, maana kibiriti kilikuwa kitu cha kutunza. Jirani alikuwa amepiga magoti anapuliza makaa mekundu kabisa, akaniambia moto wao umezimika. Nikaenda nyumba ya pili, umezimika. Ya tatu, umezimika. Moshi nauona unatoka kwenye paa. Nikarudi nikamwambia mama moto wa kijiji kizima umezimika, na niliamini hivyo, niliamini kuna ugonjwa wa moto. Kisimani wanawake walikuwa wakimwona mama anakuja wanabeba vyombo vyao, hata ambavyo havijajaa, wanaondoka. Watoto wenzangu waliambiwa wasicheze na mimi, wakawa wanacheza mbali na kunitazama. Aliyetengwa alikuwa mwanaume, lakini mwanaume akitengwa kaya yote inanuka. Na mama tumbo linashuka. Alikuwa akinisuka nywele huku anasikiliza njia, na mguu wa mtu ukipita nje mikono yake ilikuwa inasimama, halafu mguu ukipita ukaenda zake, mikono inaanza tena kusuka. Alimbembeleza baba atoe dume. Baba akasema akilitoa atakuwa amesema shimo halikuwepo.

Sasa akili ya mtoto. Nilikaa nikapiga hesabu zangu. Shimo lilipokuwepo, Masanja alikuwa anatutania, moto ulikuwa unawaka kila nyumba, mama alikuwa anateka maji na wenzake. Shimo lilipozibwa, vyote vikaondoka. Basi nikaona wazi kuwa watu walikuwa wanalipenda lile shimo, lilikuwa lao, na baba amewaulia shimo lao. Kumbe dawa ni shimo lirudi. Nikawa naomba mvua. Nilimwomba Mungu wa katekista, na kwa kuwa sikuwa na hakika naye, niliwaomba na mababu.

Mvua ikanyesha, mvua ya kukata minyaa. Kulipokucha maji yalikuwa yamepita korongoni na kubeba udongo wote wa kichuguu, na shimo lilikuwa pale pale, limekaa kama halijawahi kuguswa. Nilirudi nyumbani mbio kuwapa habari njema. Baba alikuwa anakunywa uji. Niliposema shimo limerudi, alishusha kibuyu chini polepole sana, na mama akafunika uso kwa mikono. Hapo moyo wangu ukaingiwa na hofu ambayo sikuielewa. Nilikuwa nangoja wacheke.

Kijiji kizima kilingoja kuona atafanya nini. Akienda barazani tena, itakuwa vita. Asipokwenda, mama atapitaje? Baba akafanya kitu cha tatu, na alikifanya kwa nia njema, hilo mimi naapa. Akachukua lile debe lililopasuka, akalifunga kwenye keria, akaenda kwenye kichuguu, akachimba, akajaza, akasukuma baiskeli mpaka korongoni, akamwaga. Akarudi. Akaenda. Kutwa nzima, na kesho yake, na kesho kutwa. Mimi nilikuwa namwaga maji, na tulishindilia wawili, yeye na mimi, mguu wake na mguu wangu. Watu waliokuwa wanakwenda mashambani walikuwa wakipita pembeni kabisa, hawageuzi shingo. Baba alidhani wakimwona anafanya kazi watajua ameshuka. Aliniambia, wataona sasa kwamba sikutaka kuwatesa.

Wao waliona kitu kingine. Kazi ya kijiji ni ya kijiji. Mtu akiifanya peke yake akaimaliza, amewaambia wenzake hawapo, wamekufa, yeye ndiye kijiji. Hakuna tusi kubwa kuliko hilo kwetu, na baba, mwenye miguu miwili iliyosahau kutembea na watu, alilitoa bila kufungua kinywa.

Masanja alikuja akasimama juu ya ukingo tukiwa tunamaliza. Macho yake yalikuwa mekundu. Alisema, "Kaka, umetuzika wote humo." Hakusema Bwana Kengele. Baba akasimama na jembe lake, na nikaona ameelewa, maana uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyekanyaga mtoto gizani.

Siku hiyo hiyo alilifungua dume akalipeleka. Walilitazama tu. Masanja akasema wameliona, ni dume zuri, watu watakaa kulipokea palizi ikiisha. Palizi ile, kwa majani yaliyokuwa yameota wakati wa barabara, ilikuwa bado sana. Baba akarudi na dume lake. Na mvua nyingine ikashuka, mbuga ya mbele ya korongo ikajaa maji mpaka magotini, na miguu ya mama ikavimba, na habari ya kwenda misheni kwa baiskeli ikaishia hapo. Shimo lilikuwa limezibwa vizuri kabisa na halikuwa na faida kwa mtu yeyote.

Ndipo Bibi Ngolo alipokuja kuongea na mbuzi. Tulikuwa na mbuzi mmoja amefungwa nje ya minyaa. Mimi nilikuwa hapo namkatia majani. Bibi alifika na fimbo yake, akasimama, hakunitazama hata kidogo, akamwinamia mbuzi.

"Wewe mbuzi, hujambo," alisema. "Mimi sina ruhusa ya kusema na watu wa kaya hii, lakini wewe hakuna aliyenikataza."

Nilidhani bibi amepatwa na wazimu. Nilitaka kukimbia. Ndani, mgongo wa mama ulikuwa umeegemea ukuta, na baba alikuwa mlangoni ana tyubu mkononi anaibandika kiraka.

"Sikiliza, mbuzi. Aliyetengwa ni mwanaume. Mimba haikutengwa. Nimewauliza Masanja na wenzake, wamesema mwanaume asipokuwepo, sisi wanawake tunaweza kuingia. Lakini usidhani ni kutoka asubuhi kuuza samli na jioni akarudi. Mwenye kurudi bado yumo. Umenielewa, mbuzi?"

Mbuzi alikuwa anatafuna.  Halafu mama akasema kutoka ndani, kwa sauti ndogo, "Mbuzi, mwambie bibi tumesikia." Bibi Ngolo akasema, "Na mimi kwa nilivyoliona tumbo lile kisimani, ni siku si nyingi," akaondoka na fimbo yake. Nilipogeuka baba alikuwa ameshika tyubu vile vile, solusheni imekaukia kidoleni. Nikamwuliza kwa nini bibi anaongea na mbuzi. Akasema, kwa sababu mbuzi wana akili. Nikaridhika na jibu hilo. Mtoto anaridhika na chochote.

Uchungu ulimshika mama asubuhi, kabla umande haujakauka. Alishika nguzo ya katikati ya nyumba akaiegemea kwa paji la uso. Baba alichukua blanketi na fimbo ya kuchungia. Alisimama karibu na mama, wakasemezana maneno ambayo sikuyasikia, na mama hakumtazama, alitikisa kichwa tu, sijui kukubali au kukataa, na sikumwuliza mpaka akafa. Halafu baba alikuja kwangu akaniambia, "Holo, kaa na mama yako." Nikamwuliza anakwenda kusema shimo gani. Akasema, "Hakuna shimo." Akatoka.

Mimi niliangalia kwanza ukutani. Baiskeli ilikuwa imeegemea pale pale, na mto wake wa gunia. Basi sikuwa na wasiwasi. Mtu asiyetembea ataenda wapi bila baiskeli? Nikajua anafika kwa jirani tu.

Baba hakurudi. Miaka ya baadaye walikuja watu kutoka machimbo ya dhahabu ya Geita, mmoja akasema amemwona huko, mwingine akasema siye. Mdogo wangu alizaliwa mchana wa siku ile ile aliyoondoka baba, akatangulia miguu, na Bibi Ngolo akamgeuza na kumvuta na kumpiga makofi mpaka akalia, na wanawake wote wakapiga vigelegele ndani ya nyumba ambayo kwa muda mrefu haikuwa na mgeni. Masanja ndiye aliyelima shamba letu mwaka ule, yeye na vijana wake, kwa filimbi na ngoma. Lakini hayo yote ni baadaye.

Wakati ule nilikuwa nimesimama kwenye uwazi wa minyaa namwangalia baba anavyokwenda. Alitembea vibaya, kama mtu anayejifunza, na katikati ya barabara tupu alikuwa anayumba kushoto na kulia anakwepa vishimo vidogo vidogo, alivyozoea kuvikwepa kwa gurudumu. Mbele yake wakatokea wanawake, Bibi Ngolo ametangulia na kigae cha moto kinachofuka moshi, wengine na mitungi ya maji kichwani. Walikuwa wameshaambiwa, au walikuwa wanaangalia kutoka mbali, sijui. Baba alipowaona alishuka barabarani. Akaingia kwenye pamba, akawapa mgongo, akasimama hivyo hivyo na blanketi begani ili wasilazimike kumpita bila salamu. Wakapita. Hakuna aliyegeuka. Walipofika kwangu, Bibi Ngolo alinishika kichwa kwa mkono wake uliokuwa huru, akanisukuma niingie ndani.

Nilichungulia chini ya mkono wake. Baba alirudi barabarani, akakung'uta umande kwenye miguu, akateremka korongoni. Nilimwona anapanda upande wa pili, anatembea.